Gari la Betri na Mtani Wangu

Jumatatu, 3 Machi 1952
Zamu ya asubuhi. Uji, taa, handaki, toroli. Mgongo unauma palepale pa jana. Leo wameshusha gari la betri mgodini. Fupi, zito, halina moshi. Linavuta matoroli yetu yote yakiwa yamejaa mawe ya dhahabu. Dereva ni Athumani, Mzaramo. Mzungu wa handaki ametangaza: likifaulu mpaka mwisho wa mwezi, sisi wasukumaji turudi kwetu Shinyanga tukalime pamba. Shamba langu kaka ameshalichukua. Nalichukia gari hili. Athumani simchukii, ni mtani. Ila atanikoma.

Jumatano, 5 Machi
Shati la Athumani matundu matupu. Maji makali ya betri yanalitafuna. Nimemwambia kwao Uzaramo hata panya ni wavivu, wanakula shati wanaacha mfuko. Kacheka mpaka kakaa chini. Kanijibu kwamba Msukuma akiona gari lisilo na ng'ombe, analizunguka kutafuta mkia. Mtu mwema. Inaudhi.

Jumatatu, 10 Machi
Siku nzuri. Betri zinatakiwa zilale kwenye umeme usiku kucha ndipo zishibe, na jenereta ni moja. Wazungu wamelalamika kuwa taa za nyumbani kwao zinafifia wakati wa chakula. Sasa betri zinapewa umeme wakishalala tu. Hazishibi. Leo gari limeishiwa nguvu kwenye mpando, pale reli inapopanda karibu na mdomo wa handaki. Tumelisukuma sisi, kwa mikono ileile inayofukuzwa. Tumemtoza Athumani sigara. Breki nayo haishiki vizuri. Kamwambia Mzungu. Kajibiwa kwamba kifaa kipya kitatoka Ulaya kwa meli.

Alhamisi, 13 Machi
Limezima tena mpando uleule, na mzigo wote. Athumani kashuka, katia bega nyuma ya toroli la mwisho, katuita. Nikawaambia wenzangu wakae. Wakakaa. Nikampigia kelele ampe uji ng'ombe wake. Tukacheka wote. Naye akacheka, bega likiwa palepale.

Breki ikaachia. Matoroli yakarudi nyuma.

Tumemkuta ameshakufa. Mzungu kauliza. Tumesema tulikuwa mbali.

Ijumaa, 14 Machi
Tumemzika. Huku hana ndugu. Ana mtani tu, ndiye mimi, na mtani ana kazi yake msibani. Nimeingia kaburini kabla yake, nikajilaza, nikagoma kutoka mpaka nilipwe. Nikamtukana Mzaramo mvivu aliyetoroka zamu kabla ya mshahara. Watu wamecheka, hata waliokuwa wanalia. Wote wamesema nimeifanya vizuri. Nimepewa shati lake, haki ya mtani.

Jumanne, 18 Machi
Mzungu kaniita. Nilijua gari linarudishwa lilikotoka. Wapi! Kasema mimi naujua ule mpando kuliko wote, basi nitaliendesha mimi. Wengine mwisho wao ni mwisho wa mwezi. Wenzangu walikuwa mlangoni, wamesikia kila neno. Nimekubali. Nina watoto. Jioni nimewasalimia, wameinuka wakaenda kukaa kwingine.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mke wangu, Mama Kulwa, kaniuliza nini kimetoboa shati langu la kazi. Nimemwambia panya. Kwa kazi ya leo nimevaa la Athumani, hilo halina cha kuharibika tena.

Betri zimeisha palepale mpandoni. Nimewaita wenzangu. Walikuwa wamekaa pale tulipokaa siku ile. Mmoja kasema nimpe uji ng'ombe wangu. Wamecheka kidogo. Sikutia bega. Nimeweka jiwe nyuma ya gurudumu, na jingine, nikakaa chini kando ya reli.