Kipa Mfupi Hakai Mstarini

Kigamboni, 3 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na Mama hajambo? Mie mzima, ila mbu wa huku hawana adabu. Simu wametunyang'anya mpaka ligi iishe. Dada Elinaza, mpishi wa kambi, anakaa huko Kimara, ndiye atakuletea barua hii.

Jana tulifungwa mbili, zote krosi, nami nilikuwa golini. Kocha Twaha akasema mbele ya wenzangu kuwa sijiamini. Sasa kila asubuhi ananisimamisha mbele ya kioo niseme, "Mimi ni ukuta." Nasema, Baba, lakini kimo changu unakijua.

Mwanao,
Loveness

Kimara, 6 Agosti 2025

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Kifua kimetulia, Mama anakusalimu.

Wewe ni mwoga tangu utotoni. Radi ikipiga ulikuwa unaingia uvunguni. Woga huo hautibiwi na kioo. Nafasi yako chuo cha uhasibu bado ipo. Fungasha urudi nyumbani, hakuna atakayekucheka.

Baba yako

Kigamboni, 10 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kifua kimetulia. Sirudi.

Ni kweli mie mwoga. Nimeacha kubisha, nikajiuliza woga wenyewe unanijia lini. Unanijia nikisimama mstarini nausubiri mpira. Nikiufuata, siogopi. Urefu sina na sitaupata, ila miguu yangu myepesi, na mshambuliaji namsoma kabla hajapiga. Nikamwambia Kocha, "Mie si ukuta. Niache nitoke." Akasema nikitoka, ni benchi. Nikamwambia sawa, nitakaa.

Jumamosi tunacheza Temeke. Ikibidi nibebe maji nitabeba, lakini uhasibu sisomi.

Mwanao,
Loveness

Kigamboni, 17 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Naomba iwe ni hasira tu, isiwe kifua.

Jana Flaviana, kipa mwenzangu, aliteguka kidole, nikaingia. Mpira wa kwanza nilitoka, nikaudaka miguuni mwa mshambuliaji. Wa pili nilitoka, wakaupitisha juu ya kichwa changu. Goli. Uwanja mzima ukacheka, Kocha akapayuka, "Kaa golini!" Nikajiuliza: nimekosea kutoka, au nimechelewa? Nilichelewa. Uliofuata nikatoka mapema zaidi, nikaukumbatia.

Tumetoka sare, moja kwa moja. Kocha akaniambia, "Watakufunga tena vilevile." Nikamjibu, "Watanifunga, na nitatoka tena." Akanitazama sana, akasema Jumamosi naanza, hapa hapa Kigamboni.

Mwanao,
Loveness

Kimara, 20 Agosti 2025

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Kifua hakina neno. Nilikuwa nimekasirika.

Mama yako ameisoma barua kwa sauti, na kila alipofika kwa Kocha akawa ananitazama mimi. Kuhusu chuo sijabadili mawazo. Ukija tutagombana vizuri.

Jumamosi navuka na pantoni. Nitasimama nyuma ya goli lako. Usigeuke kunitafuta.

Baba yako