Ng'ombe Alilala Mlangoni Petu

Langoni, Lamu
12 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Hadil,

Assalamu alaykum warahmatullah. Maskati wamekutunza? Na kile kifua kimepoa? Sisi twashukuru, ila usingizi umeihama nyumba hii. Simu zangu huzipokei, basi nimempa jirani yetu Rumaisa akuletee barua mkononi. Tuone hii utaikimbiaje.

Mwanao Musab uliyeniachia nimlee amekua, na ujoka wa babake haufichiki tena. Magamba yamefika shingoni. Mabawa yanachomoza, nami kazi yangu ni kupasua kanzu migongoni na kuzipinda upya. Mpole, Hadil, mpole hata naumia. Kila magharibi hukaa darini akitazama upande alikoondokea babake. Nami nasikia mabawa makubwa yakipita juu ya nyumba. Nikitoka, hakuna kitu.

Juzi mtaa ulizinga ng'ombe, maana homa imeshika watoto. Wajua desturi: azungushwe vichochoro vyote kwa dua, kisha achinjwe, baa litoke. Ndivyo mumeo naye alivyoitwa baa akafukuzwa mjini, nyumba za makuti za mtaa wa Wiyoni zilipoungua, nawe tumbo limekujaa. Hakuna aliyemwona akiwasha moto.

Ng'ombe kufika mlangoni petu, akalala chini. Musab akatoka, akamkuna masikio. Wasomaji wa dua wakarudi nyuma. Kaka yetu Badawi, ndiye aliyeshika kamba, akasema mbele ya watu: "Baa limo nyumbani umu. Kabla ya Ramadhani mtoto huyu atoke."

Nilimjibu maneno yasiyoandikika. Damu nzito kuliko maji, wasema, lakini ya Badawi ni maji matupu.

Musab hakulia. Aliniuliza tu: "Mama, baa wakilitowa hulipeka wapi? Huenda baba yuko uko."

Asubuhi nilimkuta amekwisha kunja mkeka wake.

Njoo, Hadil. Mimi hawanisikilizi, lakini mtoto hatolewi mikononi mwa mamake mbele ya mtaa mzima. Naogopa. Wakichelewa kumtoa, atakwenda mwenyewe.

Shangazi Alawiya anakusalimu sana. Mola akulainishie moyo na akufungulie safari.

Musab naye alitaka salamu zake ziwemo. Nikamwonyesha jina lako, akaliinamia akalibusu. Ndiyo maana karatasi imeungua pale juu.

Dadako akupendaye na kukungoja,
Thuwaiba