Gunia Niliyoombea

Jumanne, tarehe 3, mwezi wa sita 2025

Tumepata kibanda! Asante Yesu. Iko pale soko, karibu na mahali mitumbwi inashusha samaki. Karatasi ya kibanda iko kwa jina ya Esnart, juu mimi ni mukimbizi, siwezi kushika kibanda ya soko kwa jina yangu. Esnart ni mutoto wa hapa Nchelenge, tunaimba kwaya moja. Nikiwa na ruhusa ya kutoka kambi nalala kwake. Yeye anaweka kibanda, mimi naweka mikono. Faida tunakata katikati.

Kibao nimeandika mwenyewe na rangi: YA KWETU – MBIO MBIO. Muhogo ya kukaanga, kisense, pilipili, ndani ya jani ya ndizi. Mutu anafika, anapokea, anaenda kazi yake. Na kila kitu ya hapa! Muhogo inatoka shamba ya bwana yangu Lévi, kule kambi, haina mbolea ya duka, haina dawa. Mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya michikichi, inatoka kwa mama moja wa njia ya Mununga. Kisense ni dagaa ya hapa, inatoka ziwani asubuhi ile ile.

Jirani yetu ni Obvious. Anakaanga viazi ya lori na kuku ya frigo, na anapiga muziki mpaka beseni zetu zinatetemeka. Alinikuta ninamenya muhogo, akapiga kelele soko yote isikie: Mama Congo! Mbio mbio gani hii? Mununuzi wako ameoa, amezaa, angali anangoja!

Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini kidogo. Ana ulimi ule kijana.

Ijumaa, tarehe 6

Bwana afya amekuja leo. Kijana, viatu safi, hana haraka. Aliangalia maji, beseni, mbabula ya makaa, mpaka kucha zangu! Kiisha akashika muhogo moja, akauliza: Mama, unajua namna gani kama hii ni tamu ao ni ile ya kuua mutu? Kwa macho zinafanana.

Nikamuonyesha. Nakata ncha, naluma, natafuna kidogo, natema. Kila muhogo, moja moja. Ya tamu beseni hii. Ya muchungu beseni ile, hiyo ni ya kulaza ndani ya maji siku mingi, kiisha kuanika na kusaga bunga. Ya muchungu Lévi anaipanda kando kando ya shamba, mustari moja, juu ya kuzuia ngulube ya pori na wezi. Katikati ni tamu tupu. Lakini mukono ikichimba inaweza kukosea, kwa hiyo naluma. Mama yangu aliluma, mama yake pia.

Bwana afya akacheka: Kumbe mashine yako ni meno! Kiisha hakucheka tena. Alitupatia karatasi ya muda, ruhusa ya kuuza. Alisema siku mutu atagonjwa juu ya chakula yetu, anafunga kibanda, na mwenye jina kwenye karatasi atajibu mbele ya sheria.

Mwenye jina! Esnart alikunja karatasi, akaifunga ndani ya kitenge.

Jumatano, tarehe 11

Kazi inaenda, kiisha inalala. Juzi wavuvi walijaa mpaka nikakosa majani. Jana nilikula kisense mimi mwenyewe, juu hakuna mutu.

Lakini leo! Pasta Félix alipita, akakaa, akakula, akapangusa mudomo. Alisema Jumamosi wamama wa kanisa wanakuja kwa mukutano, wa Chienge, wa Mununga, hata wa Chisenga na mashua. Watu sitini. Chakula ya saa sita atachukua kwetu. Sitini! Wakipenda, kila moja atarudi kwake na jina yetu mudomoni, ziwa yote itatujua. Wasipopenda, vilevile.

Gunia mbili ziko, nimeshaluma zote, tayari. Nilituma neno kwa Lévi alete ya tatu.

Na nimeamua kufunga. Kesho, kesho kutwa, na Jumamosi mpaka jioni. Hakuna kitu kupita mudomo, ila maji tu. Kazi hii niliomba kwa machozi, siwezi kuingia siku kubwa kama hii na tumbo yenye kushiba. Esnart alinitazama, akaniita mama kwa Bemba: Bana Joëlle, mupishi anafunga? Na chumvi ataonja nani? Nikamujibu: Mungu anajua chumvi.

Ijumaa, tarehe 13

Njaa ya siku ya pili ndiyo mbaya. Kichwa inazunguka. Nilisoma Zaburi, maandiko inaogelea.

Lévi alifika mangaribi na kinga, baiskeli yake, tairi ya nyuma imekufa, alisukuma njia yote na gunia juu. Maskini. Alikunywa maji bila kupumua. Alisema katikati ya shamba imekwisha, alichimba mpaka kando, mimi nitachagua. Nikasema ndiyo, lala.

Obvious alinikuta nimefunga macho mbele ya mbabula: Mama, unaomba ao unakufa? Nikacheka! Siku ya kufunga hapana kucheka na mutu kama ule, lakini nilicheka.

Jumamosi, tarehe 14

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe. Naandika na mikono inanuka mafuta na sitaki kunawa!

Walikuja wote, vitenge ya namna moja, kama maua. Walisimama mustari mpaka kwa Obvious. Mimi nakaanga, Esnart anafunga majani, mimi nakaanga. Gunia ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, na watu wangali wanangoja. Nikafungua ile ya Lévi. Esnart akauliza: Haulumi? Nikasema nimefunga. Akasema: Basi nilume mimi. Nikaangalia mustari. Nikamwambia wewe funga majani, watu wanangoja. Nikaweka mikono miwili juu ya gunia, nikaomba kwa nguvu, Esnart akasema amina, tukamenya.

Kiisha maji ikatuishia. Nani alileta? Obvious! Bido mbili, moja kila mukono, bila kuitwa. Akasema: Chukueni, musiseme Obvious hana dini. Wamama walimupigia makofi, akainama kama mutu mukubwa wa serikali.

Wamama walikula, walisifu. Misozi wa kwaya ya Chienge, mwembamba kama kijiti, alikula mara mbili, akalamba jani. Mama moja tu aliacha nusu. Nilidhani ameshiba.

Jioni nilifungua funga na uji. Tamu! Sijawahi kula uji kama ule.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Wamama saba wametapika tangu jana jioni. Kichwa, kizunguzungu. Sita wanasimama. Misozi hapana. Wamemupeleka hospitali, pumzi yake ni fupi.

Kanisani Pasta alisema adui hapendi kazi ya watoto wa Mungu. Mama moja akasimama: Chakula ilitoka kwa dada yetu aliyefunga siku tatu, hapo shetani anaingilia wapi? Lakini maji – maji ilitoka kwa nani?

Watu wakatazamana. Kiisha jina ikapita kwenye viti, banc kwa banc. Obvious. Mupagani. Muchawi. Anatuonea wivu.

Walinishika mukono, walilia pamoja nami. Niliimba nao. Niliimba! Sauti ya pili, bila kukosea.

Jumatatu, tarehe 16

Sikulala vizuri. Asubuhi nilienda kibanda peke yangu. Chini ya gunia ya Lévi ilibakia muhogo ine. Nilikata ncha. Niliiluma.

Muchungu.

Ya pili, tamu. Nikafurahi kama mujinga. Ya tatu muchungu mpaka ulimi ikafa. Ya ine sikuiluma. Nilikaa chini.

Basi ni mimi. Pilipili na chumvi ilifunika uchungu, ila kwa yule mama aliyeacha nusu. Kila siku naluma, hata nikiwa na jino mugonjwa naluma upande ingine. Siku moja tu nilitaka kuwa safi mbele ya Mungu –

Nilimwambia Esnart. Alifunga mulango. Alisema kwa sauti ndogo: Ulimwambia nani mwingine? Nikamujibu: Hakuna. Akasema: Basi hakuna. Nikasema na Obvious? Akasema Obvious ana ulimi, atajitetea. Mimi niko na jina kwenye karatasi. Na mimi nilisema amina, bana Joëlle, nilisema amina! Watoto wangu wataenda wapi?

Ni kweli. Aliomba kuluma, nilimukataza. Akifungwa, atafungwa juu ya meno yangu mimi.

Nilipigia Lévi simu. Nilimwambia yote. Kiisha alisema neno moja tu: Nilijua utaluma.

Hakunigombeza. Afazali angenigombeza.

Jumanne, tarehe 17

Vijana wa kanisa wamevunja kibanda ya Obvious. Vijana wetu, wale wanabeba vyombo ya muziki! Mafuta imemwagika chini, viazi ndani ya matope, wamama wengine walikuwa wanaokota. Yeye amepigwa jicho. Alikuwa anauliza tu: Mimi? Mimi? Bwana afya alifika, akamutoa katikati yao, akachukua maji ya bido ndani ya chupa. Sisi wote tumeitwa kesho kwa biro, ofisi ya afya.

Nilienda kumuona Misozi. Hafungui macho. Dada yake alisema munganga anauliza, anauliza tena: Walikula nini? Juu akijua ni sumu gani atajua dawa gani. Na kila mutu anamujibu: Maji, dokta. Maji ya Obvious.

Nilikuwa nimesimama pale. Nilifungua mudomo niseme muhogo. Esnart alikuwa pembeni yangu, akasema tutoke, mugonjwa apumzike. Nikatoka. Yesu, nilitoka.

Nimejaribu kuomba. Nikisema Baba, haiendi mbele. Nilijua kuomba juu ya gunia, kwa nguvu, watu wasikie. Leo hata kwa siri siwezi.

Nilimwambia Esnart: tuseme ni mimi peke yangu, jina yako itoke. Alisema sheria haijui peke yako, inajua karatasi. Kiisha akalia, nami nikamushika mabega. Tuko pamoja sana na Esnart. Alinipokea wakati sikuwa hata na sufuria.

Jumatano, tarehe 18

Naandika hapa hapa kwenye banc, mbele ya biro. Cahier hii, daftari yangu, juu ya magoti. Afazali kuandika kuliko kuangalia watu. Muhogo ile ya tatu na ya ine ziko ndani ya kitambaa, kwa mufuko wangu. Esnart hajui. Yuko kwa mukono wangu wa kushoto.

Kwa mukono wa kuume ni Obvious. Jicho imefunga kabisa. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza kama nimekula leo.

Nikasema hapana.

Akasema: Siku ile nilileta maji juu nilikuona unataka kuanguka, mama. Nikasema huyu ataanguka ndani ya mafuta, na sauti yake ya kucheka iishe. Ni hivyo tu. Wewe unanijua, si unanijua?

Nilitikisa kichwa tu kwamba namujua. Akashukuru! Alisema: Waambie basi.

Esnart ananinong’oneza kwa Bemba, kiisha kwa Swahili, nielewe vizuri: Maji ni maji. Wacha ibakie maji. Mukono yake ni baridi.

Pasta Félix amefika na wazee wawili. Ameniwekea mukono juu ya kichwa, akapita. Nilimuuliza habari ya Misozi. Hakuna habari mupya. Munganga angali anangoja jibu.

Mulango umefunguka. Wanaita Obvious.

Anapangusa mavumbi kwa suruali yake. Esnart ameshika kitenge yangu kwa nyuma, anavuta, na mimi nimesimama, kalamu mukononi. Bwana afya anasema: Si wewe, mama, kaa chini.

Sikai.