Baba Alisema Ameridhika

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, leo nimeamua nikimaliza nisiisome tena, naitia tu kwenye bahasha, kwa hiyo unisamehe makosa. Naomba msaada wako, na naomba sana usiandike tunakaa wapi, sema tu kaskazini, maana huku kila mtu anamjua baba.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, si msemaji, darasani mwalimu akiniuliza jibu nalijua ila sauti haitoki. Baba yangu ni mjumbe wa Baraza la Jimbo, anawakilisha kata zetu hizi za juu kabisa ambako lami haijafika, na kabla ya hapo alikuwa fundi baiskeli, watu walimchagua kwa sababu ni mpole na hajawahi kumwambia mtu hapana usoni, mama humtania kwamba hata ukimpa wali wenye mawe atasema nimeshiba, asante, huku anatafuta jino lake. Jumamosi watu huja na shida zao, wanakaa sebuleni, wanasema kwa lugha ya nyumbani, na mimi kwa kuwa shuleni tunasomeshwa kwa lugha ya serikali ndiye ninayeyageuza maneno yao yawe ya kiofisi, baba ayabebe. Kazi hiyo naipenda, Shangazi. Nikisema maneno ya wengine siogopi.

Shida kubwa ya mwaka huu ni hospitali. Chumba cha upasuaji kipo, taa zipo, daktari yupo, lakini hakuna mtaalamu wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla hajapasuliwa, kwa hiyo mama akishindwa kujifungua anapakiwa kwenye gari apelekwe kusini na njia yenyewe ni ya kutwa nzima. Mke wa fundi seremala alifia njiani, yeye na mtoto tumboni. Na fundi huyo ndiye aliyetengeneza benchi la sebuleni kwetu, bure, wakati wa kampeni, akaja akakaa juu yake akaeleza jinsi mkewe alivyokuwa akimwuliza dereva bado mbali, bado mbali, mpaka akaacha kuuliza. Niliyageuza maneno yale huku machozi yananitoka, na baba akaapa kwamba atalisimamia.

Basi shule ikatupeleka kulitembelea Baraza, tukakaa juu kwenye viti vya wageni, wenzangu wananifinya, "Baba'ko huyo! Mwone na tai, kama bwana harusi!" Baba akasimama akauliza vizuri kabisa, maneno yangu yale yale, nikajisikia kama nimerefuka. Waziri wa afya akajibu kwamba mtaalamu ameshaajiriwa na ameripoti kazini. Si kweli, Shangazi, mama wa rafiki yangu anafanya usafi hospitalini, anasema chumba kile sasa wanawekea madumu ya sabuni. Sasa kule wana utaratibu, mwalimu alitueleza kabla hatujaingia: waziri akishajibu, Spika humwuliza mwenye swali, "Mheshimiwa, umeridhika?" Akisema hapana, waziri lazima arudi na uthibitisho. Akisema ndiyo, swali limefungwa, halirudi mpaka mwaka ujao. Spika akauliza. Waziri akamtazama baba akatabasamu, na baba akasema, "Nimeridhika, Mheshimiwa Spika, nashukuru." Vile vile anavyosema mezani.

Alipotununulia soda pale chini nilimfuata nikamwambia kwa sauti ndogo, "Baba, lakini hajaja mtu yeyote." Akanishika bega. "Mwanangu, mtu mzima humkatalii mbele za watu. Ameniahidi pembeni, atamleta."

Jumamosi iliyofuata sebule ilijaa. Fundi seremala akasema, "Mheshimiwa, tumekuja kuulizia lile letu." Baba akajibu, "Bado liko mezani kwa waziri." Bibi mmoja mkunga akadakia, "Meza gani hiyo haijai tu? Mheshimiwa, si bora fundi akamtengenezee nyingine?" Watu wakacheka, baba naye akacheka. Ndipo fundi akanigeukia. "Binti, wewe si ulikuwepo? Hebu tuambie, serikali ilisemaje?" Wote wakaniangalia. Baba hakuniangalia, alikuwa anaangalia kiatu chake. Nikasema, "Walisema wanalishughulikia." Fundi akasema ahsante mwanangu, Mungu akubariki.

Shangazi, hayo ningeyameza. Lakini dada yangu mkubwa ana mimba ya miezi minane. Kwa mtoto wa kwanza alipasuliwa, wakati huo wanaishi kusini mumewe alikokuwa na kazi, na kliniki wamemwambia safari hii asijaribu njia nyingine. Alikuwa ameshafunga begi lake aende akakae kwa wifi yake kule kusini asubiri. Baba akamwambia, "Usijisumbue na hilo tumbo barabarani, mtaalamu anakuja mwezi huu." Dada akalifungua begi. Nilimwona anazirudisha khanga kabatini moja moja huku anaimba.

Nikimwambia dada, atamwambia shemeji, na shemeji hana kifua, kabla ya jioni mji mzima utajua kwamba baba alilifunga swali kwa mdomo wake mwenyewe akaja kuwadanganya watu. Nisipomwambia naogopa hata kuwaza. Usiku nasikia baba anatembea ukumbini. Nampenda baba yangu. Nifanyeje?

Ni mimi, Nisiye na Sauti, Kaskazini.

*

Marahaba, binti yangu. Pole. Umebeba mzigo wa watu wazima, na waliokutwika wanajua uzito wake. Hiyo ndiyo huruma yangu yote kwa leo, muda hatuna.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya aibu ya baba yako, na dada yako umempa mistari michache mwishoni. Pindua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijui ni lini methali hii iliwahi kumfaa mtu kuliko inavyoifaa nyumba yenu. Nimempigia mkunga ninayemwamini nikamsomea habari za dada yako. Akasema, "Mbona bado yuko huko?"

Baba yako si mtu mbaya. Ni mpole, na upole wake umevuka mpaka. Kula wali wenye mawe ukasema umeshiba ni adabu, kwa kuwa jino ni lako mwenyewe. Lakini barazani aliketi kwa niaba ya watu, na aliposema ameridhika, aliridhika kwa niaba ya yule marehemu aliyekuwa akiuliza bado mbali. Hakuwa na ruhusa hiyo. Pengine anajua, ndiyo maana anatembea usiku. Huko kumwambia binti yake kwamba mtaalamu anakuja ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: anataka aiamini ahadi, basi anaitegemeza kwa tumbo la mwanawe.

Na wewe usijifiche nyuma yangu. Siku ile fundi alipokuuliza ukamjibu vile, hapo ulisema "nimeridhika" yako. Sikupigi, umri wako naujua, na kiatu cha baba nakiona. Nakwambia ili usiirudie.

Sasa sikiliza. Nenda kwa dada. Si kwa simu, si kwa kumtuma mtu. Nenda umkalishe, umwambie: chumba kina madumu ya sabuni, hakuna mtu aliyekuja, funga begi. Usimweleze habari za Spika kama hutaki. Kuokoka kwake hakuhitaji kujua nani alisema nini. Shemeji kama hana kifua, mwache aropoke. Aibu ya mdomoni mwa watu huisha. Kaburi haliishi.

Jioni ya siku hiyo mwambie baba kwamba umeshamwambia dada. Mwambie mkiwa wawili, maana naye anastahili adabu hiyo hiyo anayoipenda. Mpe na njia ya kutokea, nimemtafutia: mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa baraza kama hilo lenu ameniambia mjumbe akigundua kwamba majibu aliyoyakubali hayakuwa ya kweli, anaweza kumwomba Spika nafasi, asimame na kusema alikosea kuridhika, na swali likafunguliwa. Aende kwanza hospitalini na fundi seremala, wamwombe daktari awafungulie mlango, wayaone hayo madumu kwa macho yao. Itamchoma. Lakini atasimama kama mjumbe, na fundi atakuwa na mtu wa kusimama naye.

Akikataa? Jumamosi watakuja tena. Unaniambia ukisema maneno ya wengine huogopi. Basi haya ni ya waziri na ya baba yako, si yako. Wageuzie watu kwa lugha ya nyumbani kama yalivyosemwa, usiongeze, usipunguze, kisha ukae. Hiyo ndiyo kazi yako uliyosema unaipenda.

Jambo la mwisho linaniuma. Barua yako imetembea polepole, kama kila kitu kinachotoka kwenu, na gazeti hili nalo litafika huko likiwa limechelewa. Dada yako hana tena miezi minane. Hukuweka jina wala namba ya simu. Ungeweka, usingeyasoma haya gazetini, ungeyasikia sikioni siku ile ile. Kwa hiyo sina budi kuiacha siri yako hapa hadharani, ikutangulie.

Na kama anayesoma sasa si binti huyu, bali ni wewe mama kijacho wa kaskazini, uliyepasuliwa uzazi wa kwanza, baba yako mheshimiwa mpole aliyekwambia usijisumbue: mdogo wako alitaka kukwambia, sauti ikamkwama. Hajaja mtu, mwanangu. Zitoe khanga kabatini. Ondoka leo.