Mipira ya Vioo Uliyomtumia Baba

Nyumbani,
Tarehe 9 Mei.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu kutoka huku ulikotuacha. Hujambo? Kifua kimepona? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi ni wazima, ila Mama magoti yanamsumbua. Baba nitamfikia, usiwe na haraka.

Mzigo wako ulifika salama, mipira minne ya kuzibia vioo vya gari, mipya, bado ina harufu ya duka. Baba aliifungua mwenyewe, akaipapasa kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa cha suti. Unayajua macho yake, siku hizi anatutambua kwa sauti. Akatangazia nyumba nzima kwamba unakuja. "Mtu hatumi mpira wa kioo cha gari ambalo haji kulipanda," alisema. Safari yako ya mwisho mvua ilikulowesha bega ndani ya gari lake lile, na jambo hilo lilimkera kuliko lilivyokukera wewe.

Mimi nilikuwa nimeshakusikia kwenye simu: mwache aifunge, gari lisilovuja linauzika haraka, na Baba hafai tena kushika usukani. La usukani ni kweli, hata geti ni shahidi. Ukaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Tuna roho mbaya sisi, kaka, heri hatukuzaliwa watatu.

Ile mipira ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka kama visigino vyangu. Baba aliing'oa kwa bisibisi, akakwangua gundi iliyoganda, akafuta kwa kitambaa chenye petroli, kisha akapaka maji ya sabuni ili mpira mpya uteleze. Yote hayo kwa kupapasa. Kwenye kona moja nilijifanya msaidizi, nikauvuta mpira ili ufike, akanichapa mkono. "Usiuvute wewe! Ukiuvuta leo, kesho utajirudi uache pengo." Akaung'oa wote, akaanza upya. Mlango wa abiria ndio uliomchosha zaidi, maana alisema ndiko utakakokaa.

Alipomaliza aliniketisha ndani, vioo vyote juu, akamwagia gari maji ndoo baada ya ndoo.

"Vipi, hata tone?"

"Hakuna, Baba."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilimwonea huruma sana, kisha nikashuka, nikaingia nyumbani nikampigia simu mnunuzi.

Mnunuzi huyo, muuza magodoro, alikuja kesho yake. Baba alidhani ni mtu aliyesikia sifa za kazi yake, akamzungusha mlango kwa mlango, akamshikisha kila mpira na kumweleza jinsi ya kuutunza. Yule bwana aliitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee" kwa adabu zote, akapokea funguo kwangu, akawasha gari. Baba akabaki uani na ndoo yake, akisikiliza injini ikitoka getini. Akauliza linapelekwa wapi.

Uliniagiza niseme limekwenda gereji. Sikusema. Nilimwambia limeuzwa, umeuza wewe, na mipira uliituma kwa ajili hiyo. Nilimwambia polepole ili asikose hata neno moja, na nilipoona uso wake unavyobadilika, sikuacha. Nilikuwa nimechoka kuwa mbaya peke yangu.

Hakugomba. Aliniomba sabuni, akanawa mikono muda mrefu, akaingia chumbani kwake. Tangu siku hiyo chakula anakula, ila simu yako ikilia anageukia ukutani.

Mama anakusalimu. Mjomba Kipara anakusalimu. Shangazi naye amekutumia maneno yake, lakini kalamu yangu ina haya. Nilipomwuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake, alifikiri kidogo akasema, "Mwambie akija apande teksi."

Mungu akulinde huko uliko, na akujalie watoto wenye moyo kama wako.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado nakupenda,
Dada yako.