Ncha ya Sindano Nyuma ya Kompyuta

Kwako Dada mkubwa,

Kwa heshima na taadhima, ukoo mzima ukiwa umesimama wima, natangaza rasmi kwamba juzi, saa nne na dakika saba asubuhi, ile kompyuta yako ya zamani ilikubali kuandika. Iliandika neno moja: "haya". Wifi yako alikuwa anamenya vitunguu. Hakugeuza hata shingo.

Baada ya tangazo, salamu. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma na kukana? Sisi huku wazima, ila mimi sijatulia kitako wiki ya tatu sasa. Wifi yako anasema uliponiita Kiroboto utotoni hukukosea. Nainuka kwenye kiti kabla sijakikalia.

Chanzo ni hiki. Tulipokuwa tunahamisha vitu vya mama, niliikuta mashine yako juu ya kabati, imefunikwa taulo, na disketi yako ya ratiba ya shule ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa kuwa unastaafu mwezi ujao, nikasema nitaifufua nikuletee zawadi. Kisoma disketi kilishakufa, basi nikanunua adapta, kijisanduku kinachochomekwa nyuma ya mashine, kwenye soketi ileile ya kisoma disketi, na kutumia kadi ya kumbukumbu badala ya disketi. Programu uliyoiandika ya kupanga ratiba alinihamishia kwenye kadi fundi wa redio wa mtaa wa pili, mama mmoja asiyetupa kifaa hata kiwe na umri gani.

Kusoma, ikasoma bila ubishi. Ukiiambia ihifadhi, kosa la kuandika. Ukirudia, kosa. Mara ya kumi inaandika, unaruka kwa furaha. Mara ya kumi na moja inakuruka wewe. Nikabadilisha kadi. Nikabadilisha adapta. Nikasugua miguu ya adapta kwa kifutio na spiriti mpaka sebule ikanuka kama zahanati. Nikashuku umeme, nikanunua transfoma mpya. Nikamshuku hata paka. Wifi yako akauliza kama nimeoa mke wa pili mwenye kibodi.

Mwishowe nikambebea fundi mashine yote. Kadi hakuigusa, adapta hakuigusa. Aliniuliza kama nimewahi kuangalia soketi ya nyuma. Nikamjibu kwamba hapo hapana tatizo. Akanitazama juu ya miwani, akasema mgonjwa anapokataza kuguswa ndipo panapomuuma. Akamulika tochi, akaingiza kibanio, akatoa kijipande cha chuma, urefu wa punje ya mchele, kilichokuwa kimelalia pini mbili. Akanieleza kwamba kusoma kuna njia yake na kuandika kuna njia yake. Chuma kile kilikuwa kinaiziba ya kuandika tu, kikitikisika kinaachia, kikitulia kinashika. Akauliza nani aliyechokonoa humo. Nikasema mtoto fulani. Akasema mtoto huyo alistahili viboko. Nikakubaliana naye kwa moyo wote.

Dada, sasa ukweli.

Ile wiki uliyomwalika mwalimu mkuu nyumbani aje aone ratiba yako, ulinikataza kuigusa mashine. Ulipokwenda dukani nilichomoa waya wa kisoma disketi nichungulie, nikaurudisha kichwa chini, nikaulazimisha. Pini ikapinda. Nikachukua sindano ya mama niinyooshe, ikanivunjikia ndani. Mama alipoiulizia, nilisema umeichukua wewe.

Kesho yake mwalimu mkuu akakaa pale sebuleni, ratiba ya shule nzima ikajipanga mbele ya macho yake, hakuna mwalimu hata mmoja aliyepangiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Ukaiamuru ihifadhi. Kosa. Mara tatu. Akamaliza chai yake, akasema kwa upole kwamba kazi hizi zina wenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, najua.

Siku nne ukatafuta kosa kwenye programu yako, mstari kwa mstari, ukaniomba nikusomee namba kwa sauti. Nikakusomea. Siku ya tano ukaifunika taulo, ukaenda kusomea kupima watu macho, na mpaka leo ukipewa simu mpya unasema wewe na mashine nyota zenu hazipatani.

Wiki hizi tatu sikuwa natafuta tatizo. Nilikuwa nabadilisha kila kitu isipokuwa pale nilipopajua, naomba kosa liwe la adapta, liwe la kadi, liwe la paka.

Programu yako haikuwa na kosa, Dada. Hata mstari mmoja. Juzi, baada ya lile "haya", niliihifadhisha ratiba mara thelathini mfululizo, na mara zote thelathini ikakubali. Mashine nitaileta mwenyewe Jumamosi. Ukipenda nifungulie, usipopenda nitaiacha kizingitini nirudi zangu. Shemeji msalimie, na haya mweleze au usimweleze, hiyo ni haki yako. Wifi yako anakusalimu. Nilimsomea barua hii yote, akaacha vitunguu akakaa chini.

Kile kijipande nimekibandika hapa chini kwa selotepu. Kitazame kwa lenzi yako ya kazini, ila ukishike taratibu. Bado kinachoma.

Mdogo wako,
Kiroboto