Chumba cha Bibi Kimekamilika

Mtani wangu,

Leo ni Jumapili. Watoto wamekwenda kanisani na Mama Kamau, nyumba iko kimya, nami nimekaa mezani jikoni upande wako, ule wa karibu na jiko. Nimejaribu kuongea nawe kwa sauti nikajiona mwendawazimu. Kule makaburini ndiyo kabisa. Nasimama pale kama mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe, kisha narudi kwenye gari. Basi nimeona niandike.

Majani yameanguka yote. Ulikuwa ukisema Laurel ni mji wa kawaida wenye wiki mbili nzuri, miti ikigeuka rangi. Mwaka huu wiki hizo zimenipita. Nilizikuta chini, zimeshalowa mvua, nikazizoa kwa reki na kuzijaza kwenye mifuko ya karatasi. Neema alikuwa dirishani akiniangalia. Miaka yote mlikuwa mkiyarundika ayarukie, na mimi nikigomba kwamba mnaniongezea kazi. Nikamwita aje. Akatikisa kichwa.

Shule zilipofunguliwa nilisahau picha. Unajua ile ya mlangoni, wewe katikati, Rehema huku, Neema kule, mimi nikipiga na wewe ukisema fanya haraka basi linakuja. Nilikumbuka nikiwa kazini, juu ya paa la jengo la watu, natengeneza mashine ya hewa. Jioni Rehema akanionyesha simu yake. Alikuwa amempiga picha mdogo wake peke yake. Neema amesimama pembeni kabisa mwa mlango, na sehemu yote iliyobaki ni mlango tu.

Neema yuko darasa la tatu. Rehema ndiyo mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Kiswahili kimepungua humu ndani, Mama Rehema. Wewe ndiye uliyekuwa ukikataa kusikia mpaka mtu aseme upya. Mimi nawasemesha, wananijibu kwa Kiingereza, nami sina nguvu ya kukataa kusikia. Kuna siku najikuta nimenyamaza nao tu, na hilo nalo linakuwa lugha.

Nikueleze habari ya chumba.

Unakumbuka tulivyokianza, vuli ya mwaka jana, mama yako alipopata viza. Besmenti yote, kule chini ya nyumba, ilikuwa maboksi na baiskeli mbovu. Ulisema Bibi hawezi kupanda ngazi na magoti yale, lazima apate chumba chake na bafu lake, na mlango wa kutokea bustanini. Ukachagua rangi, ile ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ukanishikia bodi za jipsamu nikikaza skrubu, huku ukinitukana kwa utani wetu kwamba Wahehe tunajua kujenga maboma tu, nyumba hatujui. Nikakwambia Wangoni mlitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini hamjajenga hata kibanda njiani. Siku ya kupima vyuma vya kushikilia bafuni uligeuka mama yako: ukainama, ukashika kiuno, ukaguna, ukaniambia, "Mkwe, umeviweka juu, unataka nining'inie kama popo?" Rehema alikaa chini kwenye ngazi kwa kucheka.

Kisha tumbo lako likaanza. Tukasema ni vidonda. Wewe muuguzi, mtu wa kuwaambia watu kila siku wasidharau maumivu, ukanywa maziwa na kwenda kazini. Ilipokuja kujulikana ni saratani ya kongosho, hapakuwa na la kufanya ila kukupunguzia maumivu. Pasaka haikukukuta.

Bodi zilibaki zimeegemea ukuta kule chini. Sikushuka majira yote ya joto. Mwezi wa tisa, Jumamosi moja, nilishuka kutafuta bomba la maji nikaziona, nikaanza kazi bila kuamua. Kila Jumamosi nikawa nashuka. Nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka ile rangi. Nikaweka vigae vya bafuni, vile visivyoteleza. Vyuma nikavishusha kama ulivyotaka. Mama Kamau alikuja kuona, akasema, "Baba Rehema, hapa hata mimi ningehamia," na kwa siku moja nilijisikia kama mtu aliyefanya jambo.

Nikampigia Bibi. Unajua hajawahi kunisamehe kwa kukuzika huku. Nilimweleza ni wewe uliyesema unataka kulala karibu na watoto. Alikubali kwa mdomo. Siku hiyo nilimwambia chumba kimekamilika, nikamweleza bafu, nikamweleza mlango wa bustanini, nikamwambia viza bado haijaisha na wajukuu wanamngoja. Nilisema mengi, nadhani nilikuwa naogopa akinyamaza. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema polepole:

"Baba Rehema, nije nikae chini ya nyumba ambayo juu yake mwanangu hayumo? Usiku nitasikia nyayo, nitajua si zake. Hapana, mkwe. Mimi nitafia Songea."

Nilimwuliza habari za mahindi, akanijibu, tukaagana vizuri. Nimefunga chumba. Kina joto, kina taa, kina kitanda. Sina wa kumweka.

Halowini nayo ikaja, ile ya watoto kujivalisha mavazi na kupita mlango kwa mlango. Nilimwambia Neema tukanunue vazi, binti mfalme au paka, chochote. Akasema analo tayari. Jioni ile akashuka ngazi amevaa yunifomu yako ya bluu ya hospitali, mikono imekunjwa, suruali amekunja miguuni, kitambulisho chako cha zamani kifuani. Nikashika tochi nikatoka naye. Kila mlango watu wanamwuliza wewe ni daktari, wewe ni muuguzi? Anajibu kwa Kiingereza, kwa heshima kabisa, kwamba hapana, yeye ni mama yake. Watu wanacheka kidogo, wanampa peremende, wanasema vizuri sana. Jirani wa nyumba ya kona, yule mzee wa mbwa mweupe, yeye anajua. Alimtia peremende kwenye kikapu, kisha akanishika bega, akafunga mlango.

Mimi sikujua ile yunifomu ilikuwa imetoka wapi. Ilikuwa chini ya mto wa Rehema. Tangu Aprili ilikuwa pale, haijafuliwa, kama ulivyoivua siku ya mwisho kazini. Neema aliichukua bila kusema. Njiani alijimwagia juisi ya tofaa kifuani, na kesho yake Mama Kamau, ambaye hutusaidia nguo Ijumaa, aliikuta kwenye kikapu cha kufulia. Akaifua. Akaipiga pasi. Akaitundika vizuri kwenye mlango wa Rehema, akidhani anafanya wema, na kweli alifanya wema.

Nilirudi nikamkuta Rehema amekaa chini kwenye korido, ameikumbatia, uso ndani yake. Nilidhani analia. Alikuwa ananusa. Ananusa kwapani, ananusa kolani, anageuza, ananusa tena. Aliponiona akasema, kwa Kiswahili, mtoto ambaye hajaniambia neno la Kiswahili tangu tukuzike:

"Baba, harufu yake imeisha."

Nikakaa naye pale chini. Neema alikuja akasimama mlangoni, akaelewa, na tangu siku ile hajaomba kitu chochote. Mtoto wa darasa la tatu, haombi kitu. Nikimwuliza unataka nini anasema yuko sawa. Mwalimu wake amenipigia kuniambia ni mtoto mtulivu sana, hasumbui, kama vile ananipa habari njema.

Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Ulikuwa unaijaza nyumba: Watanzania, Wakenya, yule dada Mkongo wa Beltsville na wanawe, bata mzinga ambaye kila mtu anamsifu na hakuna anayemla, na dagaa wa Nyasa wanaoisha kabla ya sala. Tuliitwa sehemu nyingi. Nilikataa zote. Nikawapikia ugali na kuku, tukakaa watatu.

Tukiwa mezani kengele ikalia. Ni Mzee Komba wa Columbia, mji wa jirani, Mngoni mwenzio, yule uliyekuwa ukimwita kaka. Msiba ulimkuta yuko nyumbani Tanzania, hakuwahi mazishi. Unajua kilichokosekana mazishini kwako. Watu walikuja wengi, walipika, waliimba, lakini hapakuwa na mtani wa kuwachekesha wafiwa. Hapakuwa na wa kuzuia jeneza kudai sigara, wala wa kuniambia Mhehe wewe umemchosha dada yetu kwa ugali wako. Mtani wako wa kwanza nilikuwa mimi, na mimi ndiye mfiwa.

Mzee akaingia na kofia yake ya sufu, hata hakusalimia. Akaanza palepale. Akasema amekuja kuchukua binti yao, walimwazimisha Mhehe kwa muda, muda umekwisha, yuko wapi? Akasema mbona nyumba baridi, au Wahehe mnaogopa moto? Akafungua sufuria, akasema ugali huu hata sungura wa nchi hii hawali. Nilijua anachokifanya. Nilikuwa nikikingoja tangu Aprili. Nikafungua mdomo nimjibu, nimwambie Wangoni ni wageni wasiojua kubisha hodi. Nikaona Rehema ananitazama, Neema ananitazama, wote wawili wanasubiri nicheke ili nao wajue kama inaruhusiwa.

Haikutoka. Nikabaki mdomo wazi.

Mzee akajaribu tena, maneno mawili matatu, yale ya zamani. Halafu sauti ikamkatika. Akavua kofia, akakaa kwenye kiti chako, akajifunika uso kwa ile kofia, akalia. Mtani analia, mama. Sijawahi kuona. Kwetu mtani akilia maana yake msiba umewashinda watu. Nikamwekea chakula, akala kidogo kwa heshima, akaondoka kabla giza halijaingia.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Rehema akaniambia ameamua. Ule mpango wenu wa chuo cha mbali, kule mlikokwenda kutembea wewe na yeye, ukarudi na fulana ya chuo kama vile wewe ndiye unayesoma, ameuacha. Ataomba chuo cha hapa karibu tu, atakuwa analala nyumbani. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mama yako angekasirika. Akaendelea kufuta sahani.

"Nikienda, Neema atabaki na nani?"

"Atabaki na mimi," nikasema.

Aliniangalia tu. Ningependa angeniangalia kwa hasira, au kwa dharau, kama vijana wengine wanavyowaangalia baba zao. Aliniangalia vile wewe ulivyokuwa ukiwaangalia wagonjwa wanaosema wiki ijayo watatembea. Kisha akachukua sahani nyingine.

Hapo ndipo tulipo. Ungeniuliza kama kuna nafuu, ningekudanganya kwa sababu ni desturi. Lakini mimi na wewe hatukuwa watu wa kudanganyana, tulikuwa watu wa kutukanana. Hakuna nafuu. Watu wananiambia muda, muda. Muda ninaouona mimi unawachukua watoto wako mmoja mmoja: mkubwa anazeeka, mdogo ananyamaza, na mimi niko katikati yao, nimeshika mifuko ya sokoni.

Nasikia gari la Mama Kamau linaingia. Lala sasa, mtani wangu. Nenda kwa watu wako waliotangulia, waambie una mume Mhehe umemwacha Maryland. Sitakuahidi kwamba watafurahi, maana sijui furaha inatoka wapi. Sitakuahidi kwamba Rehema ataniamini. Kesho ni Jumatatu. Nitaamka kabla yake, nipike uji yeye akiwa bado amelala, nimfungie Neema koti hadi shingoni, nisimame naye barabarani kwenye baridi mpaka basi la shule lifike. Keshokutwa hivyohivyo. Hilo nakuahidi. Zaidi ya hilo sina.

Wako,
Baba Rehema